Leonsi Amekataa Kufa

Jeneza liko katikati ya uwanja, turubai limefungwa, moto wa magogo unafuka moshi, na Leonsi Sikazwe anapita na benchi begani. Ni saa tatu asubuhi hapa Kasense, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, na baridi ya Juni inauma masikio. Analitua benchi karibu na jeneza, anajifuta mikono kwenye koti, anarudi kufuata lingine.

Watoto waliojazana ukingoni mwa uwanja wanamkodolea macho. Hawajazoea kumwona akitembea mbele ya kamera.

"Marehemu, shikamoo!" anapaza sauti mmoja wao.

"Marahaba. Nenda kaoge," anajibu Leonsi bila kugeuka.

Kwa miaka tisa, Leonsi, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu na fundi baiskeli kwa kazi yake ya kila siku, amekuwa akifa. Ndiye maiti wa filamu zinazotengenezwa hapa mjini na kutazamwa kwenye simu na vibanda vya video. Amekufa kwa radi, kwa sumu, kwa presha, na kwa kugongwa na lori la mahindi pale Laela. Baba tajiri ni yeye, mjomba anayeacha urithi wa ugomvi ni yeye. Filamu ikianza utamkuta kitandani anakohoa. Ikipita robo saa, hayupo.

Leo hafi. Wala si jambo dogo, maana Septemba binti yake Bertilla anaolewa, na kwa ukoo wao binti hatoki ndani bila kushikwa mkono na shangazi. Shangazi yake ni mmoja tu, Rosina, anayeishi Mtowisa, kule bondeni. Naye alishatamka: Leonsi akilala tena kwenye jeneza, hata la maigizo, asimhesabu kwenye harusi hiyo.

Mambo yaliharibika mwaka jana, kwenye uwanja huuhuu. Isakwisa, mwongozaji filamu kijana aliyehamia hapa kutoka Mbeya, alitaka msiba unaofanana na msiba. Akafunga turubai, akakodi jeneza, akaweka picha ya Leonsi juu ya meza. Fundi wa kuandika msalaba alipouliza jina la marehemu, mtu akamjibu bila kufikiri: Leonsi. Likaandikwa hivyohivyo.

Sasa, huku Ufipa mtu haoni msiba akaendelea na safari zake. Akina mama waliokuwa wakitoka shambani na mizigo ya maharage waliona turubai, wakaona picha, wakausoma msalaba. Wakatua mizigo, wakaingia wanalia. Walilia kwa Kifipa, wakamtaja na mama yake mzazi kwa jina. Kamera ikaendelea tu.

"Nilidhani Mungu kanipa waigizaji wa bure," anasema Isakwisa. "Machozi kama yale sijawahi kuyapata. Nikaona nikiwaambia ukweli yatakauka. Jamani, nilikosea sana."

Na Leonsi je? Alikuwa ndani ya jeneza, macho kayafumba, anachapa kazi.

"Nilisikia vilio nikajisemea, leo Isakwisa kaleta watu wa maana," anasema. Akacheka, nami nikacheka. 

Mmoja wa akina mama wale alikuwa amempigia simu wifi yake Laela. Wa Laela akapiga Mtowisa. Jioni, wakati Isakwisa na wenzake wanakunja turubai, Rosina alikuwa amejifunga khanga kiunoni, yuko juu ya lori la mchele, anaupanda mlima. Barabara ile haina huruma na mifupa ya mama wa miaka sitini na kitu. Alifika asubuhi yake, vumbi mpaka kwenye kope, akamkuta ndugu yake amechuchumaa anaziba pancha.

"Alinizaba kibao kwanza," anasimulia Leonsi. "Halafu akanikumbatia. Halafu akakaa chini palepale, kwenye tope la maji ya pancha, akalia upya."

Rosina ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Leonsi hajaanza kutembea. Dada mtu, naye bado msichana mdogo, akamfunga mgongoni na kwenda naye shambani, akamlisha, akamfundisha kusimama na kupiga hatua. Maneno aliyomwambia siku ile Leonsi anayarudia huku akitazama viatu vyake.

"Alisema, 'Nimeshakulilia, Leonsi. Njia nzima nimekulilia, nimemaliza. Siku ukifa kweli nitalia na nini?'"

Hata leo maneno hayo yanamuuma.

Unga, maharage na kuku vilivyoletwa msibani Leonsi alivirudisha nyumba kwa nyumba, kwa aibu. Wengine walikataa kupokea. Bibi mmoja alimwambia abaki tu na kuku wake, watahesabiana mbele ya safari.

Rosina aliteremka bondeni siku hiyohiyo, na tangu hapo hajapokea simu ya Leonsi. Bertilla akipiga anapokea, lakini swali lake ni moja: "Baba yako bado anakufa?"

Ndiyo maana leo Leonsi ni mbeba mabenchi. Jenezani ameingia Baltazari, seremala wa mtaa, kijana mwenye mwili na moyo mzuri, lakini kufa hajui hata kidogo. Mara ya kwanza anapiga chafya. Mara ya pili tumbo linanguruma mpaka waombolezaji wanaangua kicheko. Mara ya tatu kope zinamcheza kama za mtoto anayejisingizia usingizi. Jua linapanda, na jeneza la kukodi linatakiwa dukani adhuhuri.

Isakwisa anamvuta Leonsi pembeni.

"Mzee wangu, dakika mbili tu, tafadhali. Uso sitauonyesha. Miguu tu."

Leonsi analitazama jeneza. Nisifiche, alitamani, nilimwona. Kifo kimoja humpa shilingi elfu arobaini na kubeba mabenchi elfu kumi, na harusi ndiyo hiyo inakuja. Lakini si hela peke yake. Kazi anayoipenda ilikuwa inaharibiwa mbele ya macho yake.

"Hata hiyo miguu," anasema hatimaye, "ni Rosina aliyeifundisha kutembea. Hapana, mwanangu."

Badala yake anakwenda kuchuchumaa kando ya jeneza.

"Umekula?"

"Bado, mzee. Nilidhani maiti hali."

"Tumbo tupu lina maneno mengi. Leteni viazi hapa!"

Baltazari anakula viazi akiwa amekaa jenezani, huku Leonsi akimpa somo. Mate yamezwe kabla kamera haijawashwa. Pumzi ipitie tumboni, chini ya shuka, kifua kisiguswe. Na kichwa kipewe kazi ya kufanya.

"Mimi huhesabu spoku za gurudumu la nyuma. Zikiisha naanza tena. Usiwaze vichekesho, na usimwaze mchumba wako, utatabasamu."

Baltazari analala. Kamera inawashwa. Safari hii uwanja mzima unatulia, na mama mmoja kwenye benchi la mbele anajifuta machozi ambayo hakuna aliyemwagiza. Leonsi amesimama nyuma kabisa, midomo inacheza taratibu. Anahesabu naye.

Shughuli inapoisha, Bertilla, aliyekuja na chupa ya chai, anampigia shangazi yake na kuweka sauti ya juu. Swali linakuja lilelile.

"Baba yako bado anakufa?"

"Shikamoo, shangazi. Hapana, leo amebeba mabenchi."

"Nani amekufa?"

"Baltazari, seremala wetu."

"Mama yake yuko wapi?"

"Yuko Laela."

"Ameambiwa kwamba ni mchezo?"

Watu wanatazamana. Loo! Hakuna aliyekumbuka, hata baada ya yale ya mwaka jana. Isakwisa anajishika kichwa. Baltazari anaketi ghafla ndani ya jeneza, anachomoa simu chini ya shuka na kupiga.

"Mama, niko mzima. Ukisikia lolote, mimi niko mzima!"

Rosina amesikia yote. "Haya," anasema. "Mpe baba yako simu."

Leonsi anaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Bertilla asisukwe mpaka nifike. Nakuja wiki mbili kabla."

Simu inakatika. Leonsi anatugeuzia mgongo, anautazama moto, anajifuta uso na kuulaumu moshi. Bertilla, anayelia waziwazi bila kujificha, anamshika bega.

Kuigiza haachi. Isakwisa amemwahidi nafasi ya mwenyekiti wa mtaa katika filamu ijayo, mtu mwenye maneno machache lakini anayefika mwisho akiwa hai. Leonsi anasema ataipokea kwa furaha, ila kwanza ana safari ya stendi.

"Nitakwenda kumpokea mwenyewe," anasema. "Nitafika mapema, nikae pale gari linaposhushia. Nataka akichungulia tu dirishani, anione nimesimama."