Stata Mpya ya Trekta la Baba

Baba alilichagua trekta lile kwa sababu lilikuwa baya. Nilikuwa nikimchokoza hivyo mbele ya wageni, naye alikuwa akicheka, lakini haikuwa uongo sana.

Tulikwenda Kibondo pamoja, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu mwenye asili ya Tanga, aliyekuwa akiuza vifaa vya shamba vilivyokwisha kutumika. Uwanjani kwake yalikuwepo matrekta mawili. Moja lilikuwa limepakwa rangi nyekundu mpaka kwenye nati, limesimamishwa kando ya barabara ili kila apitaye alitamani. La pili lilikuwa nyuma ya stoo, kiti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, bamba la mbele limebonyea. Mimi nililipenda jekundu, na nilisema hivyo, kwa sababu sina kawaida ya kukaa na neno moyoni. Baba hata hakulipanda.

"Kizuri chajiuza," alisema, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya stoo.

Alichomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kati ya vidole, akainusa. Vijana wa pale walilisukuma trekta mpaka likawaka. Baba akaangalia moshi ulivyoanza mweupe kisha ukatakata. Akainyanyua plau, akaiacha ikining'inia hewani, akaenda kunywa kahawa na mwenye mali. Nilidhani ameghairi. Kumbe alikuwa anaipima haidroliki. Walipomaliza kahawa, maongezi na habari za mvua, plau ilikuwa bado iko palepale juu.

"Mzee wangu, sikufichi," mfanyabiashara alimwambia. "Injini nzima, giaboksi nzima. Lakini haliwaki bila kusukumwa. Stata imekufa, na ile ringi ya meno inayoshikana nayo imelika. Kuibadilisha lazima trekta likatwe katikati, injini ifunguliwe itengane na giaboksi."

"Kusukuma si tatizo," baba akasema. "Kwetu watu wapo."

Kwetu ni kijijini Kitanga. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Kasulu mjini, nina cherehani zangu na wateja wangu, na mama alikuwa amefariki. Baba aliishi peke yake. Uwanja wa nyumba ni tambarare, halafu ardhi inashuka kuelekea bondeni. Ikifika asubuhi ya kulima, trekta lilisukumwa kukatiza uwanja mpaka kwenye mteremko, na likishafika hapo lilijitelemkia lenyewe, baba anaachia klachi, linakohoa, linawaka.

Baba hakumwita mtu. Alitoka tu, akajaza maji kwenye rejeta, akasimama. Majirani walikuwa wakienda mashambani, majembe begani, na walipomwona walikata kona. "Mwakeye, mzee!" wanamwamkia. Wanaegemeza majembe ukutani, wanapanga mikono. Mmoja anadai mwenzake anasukuma kwa mdomo, mwingine anaapa kwamba trekta limenenepa tangu jana. Likiwaka, wanapiga kelele kama walioshinda mpira, kisha kila mtu anachukua jembe lake.

Upande wa gurudumu la kulia alikuwa akisimama mjane mmoja, jirani yetu wa bondeni, mama mwembamba aliyemzidi baba umri. Sidhani kama alisukuma. Nadhani aliegemea. Lakini hakukosa hata siku moja ya kulima, na hakuna aliyemwambia akae pembeni.

Baba akimaliza shamba lake, wakati wa kurudi alipitia mashamba ya wale waliosukuma, akawageuzia kipande. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeahidiwa. Shamba la yule mama liligeuzwa lote, kila msimu. Mimi nilijua kwamba baba analima vipande vya watu, na niliuita ukarimu wake. Sikuwahi kuuunganisha na ule usukumaji wa asubuhi.

Mimi ni mtu wa kukaza kilicholegea. Nikiona kifungo kinaning'inia kwenye shati la mtu nisiyemjua, mkono wangu unatafuta sindano. Kwa hiyo nilipokwenda nyumbani na kumwona baba, mzee wa mvi, amesimama uwanjani akingoja watu wamwashie trekta, niliona aibu. Niliona kama anaombaomba. Nilirudi Kasulu nikiwa nimeshaamua.

Nilipeleka fundi, na vifaa vyote. Walilikata trekta katikati kama alivyosema yule bwana wa Kibondo, wakafunga ringi mpya, stata mpya, betri kubwa. Nikaongeza kiti chenye sponji na taa za mbele. Baba alizungukazunguka akiwaangalia.

"Mwanangu, mbona linawaka?"

"Linawaka kwa watu, baba. Nataka liwake kwa ufunguo."

Hakubisha tena. Kwetu zawadi ya mtoto haikataliwi.

Asubuhi ya kulijaribu majirani walikuwa wamekuja kama kawaida, majembe yameegemezwa ukutani. Baba alipanda, akazungusha ufunguo, trekta likanguruma papo hapo. Watu wakapiga makofi. "Hongera, mzee! Sasa umepumzika!" Mmoja akasema, "Sasa tumepumzika wote." Wakachukua majembe yao wakaenda. Mimi nilibaki uwanjani nimejaa furaha, na ile furaha ndiyo inayonichoma ninapoikumbuka leo.

Nilirudi mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, watu wako kwenye mahindi na maharage. Kutoka uwanjani kwetu bondeni kunaonekana kote. Shamba la baba lilikuwa limegeuzwa, jeusi, limekaa vizuri. Shamba la yule mama lilikuwa majani matupu, isipokuwa kiukanda pembeni kilicholimwa kwa jembe la mkono.

"Hujamlimia?" nikamuuliza baba.

"Hajaja."

"Si umwambie!"

"Nimemwambia. Nimewaambia wote. Nimesema njooni, nitawalimia. Wanajibu asante, mzee."

"Halafu?"

"Halafu hawaji."

Nikawaka. Nikasema Waha tuna kiburi cha kufa nacho, kwamba mtu anaacha shamba lake liote majani huku trekta linamwangalia. Nikasema nitateremka mwenyewe nikamwambie yule mama asijitese. Baba aliniacha nimalize. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema. "Walikuwa wanakuja na mikono yao. Sasa waje na nini? Waje waombe?" Akatupa gunzi. "Mimi mwenyewe nisingekuja."

Hakusema kwamba ni mimi. Angesema ningejitetea, maana kujitetea nakujua sana. Nililala na lile neno lake, na nilimwona yule mama pale kwenye gurudumu, bega limeegemea, na nikaelewa kwamba alikuwa analipia shamba lake mbele ya watu wote, na kwamba mimi nimemfungia mlango huo, tena kwa stata ya bei mbaya.

Asubuhi baba aliliwasha trekta akalishusha bondeni, mimi nikafuata kwa miguu. Alilisimamisha kwenye njia, ukingoni mwa shamba la yule mama, akalizima. Mama alikuwa ameinama, analima. Baba hakushuka.

"Mwakeye, mama," alisema. "Limenizimikia hili. Hebu njoo unisaidie kulisukuma."

Sikuwahi kumsikia baba akisema uongo kabla ya siku ile, na aliusema vibaya, macho yako kwenye usukani. Mama akanyooka taratibu, mkono kiunoni. Alilitazama trekta, akamtazama baba, kisha akanitazama mimi. Niliomba kwa moyo wote aje. Aweke tu kiganja.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "nimelisikia likiwaka kule juu. Liko zima. Tumshukuru Mungu."

"Mama..." nikaanza mimi.

"Na wewe mwanangu umefanya vizuri," akasema. "Umemtunza baba yako." Akainama, akaendelea kulima.

Baba alikaa kwenye kiti changu cha sponji, mikono mapajani. Hakugusa ufunguo. Nilidhani amechoka, kisha nikaona kwamba anangoja. Mama alilima polepole kufuata tuta lake, akipumzika, akilima, mpaka akafika mwisho, akageuka kuanza tuta jingine, akatupa mgongo. Ndipo baba akazungusha ufunguo, polepole sana, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa, na trekta likawaka mara moja.