Machuki, Mtunza Uwanja wa Rangwe

Ukitaka kujua thamani ya mwenyekiti wa klabu, usimtazame yeye. Mtazame anayekata nyasi. Mimi huwauzia klabu ya Nyota ya Rangwe chokaa ya mistari, kwa hiyo nimemtazama Machuki miaka sita. Ni Mkuria kutoka Isebania, mrefu, mpole, anayeujua ule uwanja kuliko wachezaji wote.

Mwenyekiti wa zamani, Zablon, aliongoza kwa kufoka. Aliamuru mtaro wa kando ya uwanja ufukiwe kifusi ili wageni wake wapate pa kuegesha magari. Machuki akasema maji yatakosa njia. Akarudishwa nyumbani wiki mbili. Aliporudi kazini, alileta mikono tu. Akili aliiacha kwake. Kila kitu kikawa "Sawa, bosi." Mvua ikinyesha uwanja unakuwa bwawa, na lawama zinamwangukia Machuki.

Mwaka huu klabu ikamchagua Lynnet, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wadogo, kutoka Sindo kando ya ziwa. Ijumaa moja, maji yamefika vifundoni na mechi ni Jumapili, kamati ikataka Machuki afutwe.

"Uwanja ukikauka kufikia Jumapili, anabaki," Lynnet akakata maneno. "Usipokauka, anaenda." Akatoka kumtafuta.

"Machuki, huu uwanja una shida gani?"

"Hakuna shida, mama. Vile utasema."

"Basi kesho naleta magunia ishirini ya omena, uanike hapo katikati."

"Sawa, mama."

Lynnet akacheka mpaka akashika magoti. "Yawa! Omena ndani ya maji? Si zitaogelea zirudi Sindo! Na wewe unaniambia sawa?"

Machuki naye kicheko kikamponyoka. Kisha akauliza polepole, "Mama, nikisema ukweli, utanifukuza?"

"Usiposema, kamati itakufukuza. Chagua."

Hayo ndiyo mazungumzo: bei mezani, hakuna kuzungushana. Machuki akanyoosha kidole kwenye maegesho. "Chini ya hayo mawe kuna mtaro. Ufunguliwe leo. Nataka watu kumi."

"Sita."

"Nane, na chai juu yako."

"Haya, nane," akasema Lynnet, akavua viatu. "Mimi wa kwanza."

Walichimba siku hiyo na kesho yake. Pauline, mpishi wa timu, alileta chai na viazi vitamu, akawa anawataja kwa majina wanaopumzika sana. Machuki hakumfokea mtu. Alimshika mkono aliyekosea akamwonyesha. Jumamosi alasiri jiwe la mwisho likatoka, maji yakaondoka yakinguruma, watu wakapiga vigelegele.

Jumapili kocha Omondi akaleta vijana wake mapema.

"Kocha, bado nusu saa," Machuki akamzuia. "Mkikanyaga sasa, mtageuza huu uwanja matope."

Omondi akamgeukia Lynnet.

"Unaniangalia nini? Mwenye uwanja ameshasema."

Wakangoja. Refa alipokuja, akadondosha mpira kukagua. Ukadunda hadi kifuani. Mashabiki wakashangilia kama ni bao, na Machuki akabaki na kazi yake.

Tulitoka sare, bao moja kwa moja. Kipenga cha mwisho kilipolia, umati ukamiminika uwanjani kucheza. Machuki hakungoja pongezi. "Tokeni kwa nyasi!" akanguruma, na mwanakamati mmoja kati ya waliotaka afutwe akawa wa kwanza kutoka mbio, huku anacheka.