Siku Baba Alipogoma

Juzi kwenye televisheni mkimbiaji mmoja alisimama hatua moja kabla ya utepe, akakunja mikono kifuani. Wajukuu wangu walishangilia. Mimi nilisikia harufu ya pareto.

Nilipokuwa mtoto, kulikuwa na mashindano ya mbio baina ya mashamba ya walowezi, huko Bahati. Baba alikimbia kwa niaba ya shamba la pareto la bwana wetu, na alikuwa amewaacha wenzake mbali. Alipoukaribia utepe akasimama, kisha akaketi kwenye nyasi. Bwana akaanza kufoka.

"Baba ana nini?" nilimuuliza mama.

"Amegoma," alininong'oneza. "Mpaka wamrudishe Kiprono kazi."

Kiprono alikuwa dereva wa trekta, na alikuwa amefukuzwa kwa kuwaombea wenzake posho zaidi. Hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba trekta ikigoma katikati ya shamba, Kiprono huimwagia maji kwenye rejeta, nayo hunguruma ikaenda. Kumbe hata baba hugoma! Ndiyo maana Kiprono alihitajika.

Kwa kuwa Kiprono hakuwepo, nilichukua mkebe wetu wa maji, nikakatiza uwanja mbio na kummwagia baba kichwani. Nikangoja.

Baba hakuinuka. Alijipangusa macho, akasema polepole, "Asante, mama. Sasa rudi kwa mamako."

Kesho yake tulifukuzwa shambani, tukashuka hadi mtaa wa Bondeni, mjini, na vyombo vyetu kichwani. Njia nzima hakuna aliyenigombeza, nami sikuthubutu kuwaomba msamaha kwa yale maji.