Gazeti Lililosema Tumeshiba

Kaka yangu alikuwa na gazeti lake pale Nachingwea, karatasi mbili alizochapa mwenyewe kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Aliandika habari za mashamba yaliyochukuliwa kupandwa karanga, na za vibarua walioangukiwa na miti wakati wa kufyeka. Watu walilinunua na kusomeana.

Kisha likaja gazeti la serikali. Lilikuwa na picha, na bei yake ilikuwa ya kutupa, maana serikali ndiyo iliyolipia karatasi na uchapaji. Wanunuzi wa kaka wakahamia huko. Alipokaribia kufunga, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, akamwita ofisini.

"Serikali itakupa karatasi na wino," alimwambia. "Wewe tuonyeshe tu habari kabla hujazichapa."

Kaka akakubali.

Mvua ikakatika, mtama ukanyauka. Kaka alikwenda Matambarale kwa shangazi yetu, akakuta watu wanashindia ming'oko, mizizi ya porini, na watoto wamevimba miguu. Akaandika yote. Habari ilirudi kutoka ofisini imekatwakatwa. Iliyobaki ilisema chakula kipo cha kutosha. Aliitazama asubuhi nzima, kisha akaichapa.

Matambarale, waliojua kusoma waliwasomea wasiojua.

Baadaye mahindi ya msaada yakafika Ruangwa. Kaka akapewa tangazo alichape, na safari hii lilikuwa kweli tupu. Nikalipeleka mbio kwa shangazi.

"Shangazi, mahindi yanagawiwa bure Ruangwa!"

"Nani kasema?"

"Gazeti la kaka."

"Lile lililosema tumeshiba?" Alicheka bila sauti. "Nenda wewe, mwanangu. Nguvu zangu zilizobaki si za kufuata maneno."

Majirani nao hawakuinuka. Nikaenda peke yangu. Niliporudi na mahindi kichwani, nilikuta wameshamfunika shangazi shuka.

Kaka alikuja kuzika. Pale kaburini mume wa shangazi akamuuliza mbele ya watu, "Na hii, mwanangu, utaiandikaje?"

Kaka akachukua jembe akaanza kufukia. Hakuchapa tena, alihamia Chunyu kulima ufuta.

Yale mahindi tuliyatwanga, tukawapikia ugali waliokuja msibani. Walikula wakitazamana. Kesho yake, kabla jua halijapanda, njia ya Ruangwa ilikuwa imejaa watu wenye vikapu.