Macho Yangu Ndani ya Birika

Mimi hufumba macho kila ninapobonyeza kamera. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi na kwa lugha tatu, mara nyingi nikiwa nimeshika picha za mashemeji wasio na vichwa.

Dada yangu mkubwa, mwenye hoteli ndogo mjini Migori, hakuwahi kuniamini. Kwa hiyo niliponunua flashi na kujitolea kupiga picha za sherehe ya shukrani ya mama yetu kule Homa Bay, akasema nifanye mtihani kwanza. Alitaka picha ya bango la hoteli: chai ya maziwa ikimiminwa kutoka juu, imesimama hewani, kila tone peke yake. Ikitoka safi, kazi ya Mama ni yangu. Isipotoka, angemwita mtu wa studio kutoka Oyugis, ambaye, kwa maoni yangu yasiyo na wivu hata kidogo, humpaka kila mteja weupe wa unga.

Nilidhani kitu chenye kasi hukamatwa kwa nguvu, kama mwizi wa kuku. Nikaweka flashi kwenye nguvu yote. Chai ikatoka kama taulo lililoanikwa. Ndipo nikasoma maelekezo, ambayo sisi watu wa digrii huyasoma mwisho, nikakuta ni kinyume: flashi ikipunguzwa nguvu, huwaka kwa muda mfupi zaidi, na ufupi huo ndio unaolikamata tone.

Tukaziba madirisha ya jikoni kwa blanketi. Nikasimamisha kamera kwenye stendi, nikapunguza flashi na kuisogeza karibu na kikombe. Dada akawa anamimina kwa birika lake, mimi nabonyeza huku nikimhubiria kwamba mwanga huu una kasi kuliko kope. Ukitaka kupepesa, utakuta umeshapita. Akajibu kwamba maziwa yake nayo yalikuwa yanapita, kuelekea sakafuni.

Picha ilitoka. Matone yalining'inia kama shanga zilizokatika uzi. Nikarudi Homa Bay nikiwa nimeshachagua viatu vya kuvaa siku ya Mama.

Nilichosahau ni birika. Dada yangu hulisugua kwa mchanga wa ziwani, kama tulivyofunzwa nyumbani, mpaka mtu aweze kusuka nywele akijitazama humo.

Alinipigia simu akiwa amesimama barabarani chini ya bango, fundi akiwa bado juu ya ngazi.

"Nyamera, uko ndani ya birika. Uso mkubwa kama sinia. Umefumba macho."

Nikasema ni ule mwanga, uliniumiza.

"Si ulisema una kasi kuliko kope?"

Nilimsikia fundi akicheka huko juu.

"Siku ya Mama wewe utamimina chai," Dada akasema. "Ila hapo ufumbue macho. Ni moto."