Niliifumia Ndege ya Mume Wangu Pazia

Makosa ni yangu. Nasema mapema, kwa sababu najua mtu akieleza sana mwanzoni mnaanza kumtafutia mwingine wa kulaumu. Msitafute. Ni mimi! Jina langu sitaji, ingawa hapa Gesima ukisema tu "yule mama wa ndege" hata mbuzi wanageuka kuangalia kwetu.

Haki ya Mungu sikukusudia. Lakini injini haijui kukusudia ni nini.

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari upande wa Sironga. Wanaume wengine wakitoka kazini wanaenda kuangalia mpira. Wangu anatengeneza ndege. Si ya kuchezea! Ni ndege ya watu wawili, mabawa ya mbao na turubai, injini ya gari, na iko kwenye banda la mabati tulimokuwa tukifuga ng'ombe. Ng'ombe alihamishiwa nyuma ya jikoni. Hakuulizwa. Na mimi sikuulizwa.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikakaa. Sokoni naenda chumvi ikinilazimisha. Asubuhi nachuma majani chai, na baada ya hapo ni kroshia. Sebule yangu usiniulize! Kila kiti kina kitambaa. Meza ina kitambaa. Runinga ina chake, rimoti ina chake kidogo. Mume wangu, Baba Kemunto, husema siku moja ataamka akute na yeye amefunikwa.

Sasa kosa lenyewe, lile lililozaa mengine yote: nilikuwa simsikilizi. Jioni akirudi anaongea ndege, mimi nahesabu vitanzi vya uzi, nasema "Mmh." Anaongea tena. "Mmh." Nyumbani tunaongea Ekegusii, lakini ndege haina Ekegusii, kwa hivyo akifika kwa injini anahamia Kiswahili cha gereji, na mimi nahama kabisa. Kinachobaki kwenye kiti ni mwili tu.

Hicho Kiswahili alikitoa kwa Ochieng', rafiki yake, mtu wa ziwani anayetengeneza redieta Kisii mjini. Ochieng' ndiye aliyempatia kile kidude cha kupoza oili ya injini. Kinafanana na redieta, ila ni kidogo, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Mafundi wanakiita kula, ndiyo ile "cooler" ya Kiingereza. Mnaona taabu inapoanzia? Kuna jioni Baba Kemunto aliingia uso umekunjwa, akakaa, akasema:

"Mama Kemunto, shida yangu sasa ni kula."

Niliruka! Nikamletea ugali, mboga ya chinsaga na maziwa mala. Akala yote. Akapangusa mdomo, akaniangalia.

"Nilikuwa naongea juu ya ndege."

"Mmh," nikasema. "Na yenyewe inakula nini?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha, maskini, akanieleza polepole kama mwanafunzi wa mwisho darasani. Siwezi kusema hakunieleza. Oili ikiwa baridi ni nzito kama uji uliolala, na injini inaisukuma kwa taabu. Na asubuhi ya Gesima mnaijua. Kwa hivyo upepo unaoingia kwenye kula lazima uzuiwe kidogo mpaka oili ipate moto. Lakini ndege ikivuta kwa nguvu zote oili inachemka, na hapo huo upepo unatakiwa wote uingie, la sivyo injini inajiua.

"Kwa hivyo pale mbele," akasema, "kwa kile kidirisha cha upepo, nataka kuweka pazia. Nikipata pazia, kazi imeisha."

Katika hotuba hiyo yote mimi nilisikia maneno mawili. Kidirisha. Pazia.

Jamani! Hilo si eneo langu?

Nilisikia kama mtu ameniita kwa jina redioni. Muda wote huo ndege imekuwa ya wanaume wawili na spana zao, na leo imefikia mahali ambapo mimi ndiye fundi. Nikaamua sitamwambia, nitamshtua. Nikachukua uzi wa pinki uliobaki kwenye seti ya sebule, nikafuma pazia dogo la maua. Na kwa kuwa kroshia ina matundu, na yeye alitaka upepo uzuiwe, nikalishonea bitana nzito nyuma. Nikatia mpira juu lisianguke. Kazi safi!

Wakati naendelea kufuma, alirudi siku moja ananuka grisi, akasema, "Pazia tumemaliza na Ochieng'. Ni bati nyembamba, ina bawaba, na waya ya breki ya baiskeli inakuja mpaka kwa kiti changu. Navuta, inafunguka. Naachilia, inajifunga."

Aliniambia. Sasa nakumbuka kila neno. Na mimi nilijibu nini wakati huo? Msinitajie.

Mkaguzi wa ndege akaja kutoka Nairobi, siku ya Jumapili. Yeye ndiye aliyekuwa akingojwa. Ilikuwa aone injini ikinguruma kwa nguvu zote bila joto la oili kuvuka alama nyekundu ya kipimo. Isipovuka, anaandika ruhusa ndege ipelekwe uwanjani ijaribu kuruka. Ikivuka, inabaki kwenye banda la ng'ombe na bwana yangu anabaki kuwa kichekesho cha chumba cha walimu. Ndivyo ilivyokuwa, kwa ufupi.

Majirani walijaa. Wasabato walikuja mapema, Wakatoliki wakafika na nguo zao za misa. Mkia wa ndege ulifungwa kwa kamba kwenye mkaratusi, isije ikaondoka na mwalimu kabla ya ruhusa. Mkaguzi akapita na tochi, akashika hiki, akatikisa kile, akachungulia kidirisha, akakubali kwa kichwa. Kisha tukamkaribisha chai kabla ya injini kuwashwa.

Akaketi. Akaangalia viti, meza, runinga.

"Mama, hii yote ni kazi ya mkono wako?"

"Ni yangu."

"Wewe ni fundi kweli kweli."

Yaaye! Kwa nini alinisifu? Kichwa kilivimba hapo hapo. Nikawaacha na mandazi, nikachukua pazia langu kwenye kikapu, nikaenda bandani, nikainua kifuniko cha injini, nikalitundika nyuma ya kidirisha. Ndani, si nje. Pazia hukaa ndani ya dirisha, kulitundika nje ni ushamba. Niliona pale mbele kibati chenye bawaba, nikadhani ni cha kuzuia kuku.

Nikarudi nikawaongezea chai. Tena na tabasamu!

Injini iliwashwa. Majani ya migomba yalipeperuka, kofia ya mzee mmoja wa kanisa ikaenda na haijaonekana hadi leo. Baba Kemunto kwenye kiti chake akapiga kelele kwa furaha:

"Imepata moto! Leo oili imepata moto haraka!"

Nikamgusa Mama Moraa, jirani yangu. "Ni pazia," nikamnong'oneza.

"Pazia gani?"

"Ngoja utaona."

Akaona. Wote tukaona. Kwanza ikaja harufu kama nywele bandia zimechomwa saluni. Ochieng' akainua pua. Halafu moshi mweusi mwembamba ukachungulia pale mbele.

"Mwalimu, fungua pazia!" akapaza sauti.

"Imefunguka!"

"Vuta yote!"

"Nimevuta mpaka mwisho! Na sindano bado inapanda!"

Nilijua. Hata kabla ya harufu kunifikia vizuri nilijua ule ni uzi wangu wa pinki. Na mdomo huu, ambao humwita ng'ombe akiwa ng'ambo ya mto na akasikia, ulikataa kufunguka!

Injini ilipiga mlio mbaya, kama sufuria inayokwaruzwa kwa kijiko, ikazimwa. Mkaguzi akavua miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Mwalimu, umejitahidi sana. Lakini hii siwezi kuiandikia."

Basi. Watu walipokuwa wakimsindikiza kwenye gari lake, mimi nilikimbia na mwiko. Nikalichokoa lile pazia, nusu limeyeyuka, nikaungua vidole, nikaenda kulificha chini ya kuku aliyekuwa akiatamia. Kuku alinidonoa. Alikuwa na haki.

Mngedhani ubaya wangu uliishia hapo. Haukuishia. Baba Kemunto alirudi, akafungua kifuniko, asione chochote ila weusi. Akamgeukia Ochieng'.

"Hii kula uliitoa wapi?"

"Si unajua? Kwa lori."

"Ilikuwa imeziba."

"Imeziba? Mwalimu, mimi niliiosha na mafuta taa, nikaipuliza mpaka mashavu ikafura! Wewe mwenyewe ulikuwa umesimama hapo."

"Basi oili ilichemka kwa nini?"

"Uliza hesabu zako! Kwa ubao kila kitu inapoa. Chaki haipati moto."

"Na wewe umezoea samaki. Samaki haina oili kula."

"Mtu wa ndizi wewe!"

Hayo ya samaki na ndizi huwa ni utani wao wa kila siku, wanatukanana wakigawana mandazi. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Ochieng' alikusanya spana zake moja moja, akapita karibu yangu, hata "kwaheri shemeji" hakusema. Na mimi nikamwangalia akienda. Nilimwangalia akienda!

Ochieng' akaacha kuja. Baba Kemunto akaacha kuongea. Anarudi, anakula, anaangalia ukuta. Nilikuwa nimeketi na kroshia yangu katika kimya nilichokuwa nikikitamani miaka yote, na sikuweza kufuma hata mstari mmoja. Ningelipa chochote anisumbue na mambo ya bawaba.

Kisha alasiri moja Ochieng' akatokea mlangoni. Hakuketi.

"Nimekuja kuchukua kula yangu. Kama ni mbovu, nipatie na ubovu yake."

"Chukua," bwana yangu akajibu bila kuinuka. "Labda utapata mjinga mwingine."

Nikaona ni sasa au urafiki wa watu umekufa kwa sababu ya maua ya pinki. Nikasimama.

"Ni pazia!" nikasema. "Kosa ni la pazia!"

Mume wangu akatikisa kichwa. "Hapana, Mama Kemunto. Pazia iko sawa. Nimeipima mara nyingi."

"Si hilo. Pazia langu!"

"Ni letu sote, asante," akasema Ochieng', "lakini pazia haina makosa. Mimi niliichomelea."

"Nilifuma mwenyewe!"

Wakatazamana. Naona walidhani huzuni imenipanda kichwani. Obe! Unaungama dhambi yako na watu wanakutetea! Ikabidi nitoke mbio, nikapigane na kuku kwa mara ya pili, nikarudi na lile jambo nikaliweka mezani. Upande mmoja ulikuwa makaa. Upande wa pili, maua mawili mazima, yanalingana kabisa na kitambaa cha meza.

Ochieng' aliangalia pazia, akaangalia meza, akaangalia runinga. Akaketi sakafuni.

"Shemeji!" akalia. "Umeivalisha ndege!" Akacheka mpaka machozi, anapiga sakafu kwa kiganja. "Mwalimu, shukuru haikuwa baridi zaidi! Angeishonea sweta!"

Baba Kemunto hakucheka. Alilichukua, akaligeuza, akaigusa bitana.

"Nilikuambia pazia tumemaliza."

"Uliniambia."

"Nikakuambia ni ya bati."

"Uliniambia."

"Na ulijibu."

"Nilijibu."

Akalirudisha mezani taratibu. "Kwa hivyo muda huu wote nilikuwa naongea na nani?"

Ndugu zangu! Angenigombeza ningelia kidogo nikapona. Yeye akainuka, akamshika Ochieng' mkono, akamwinua, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikutusi bure." Aliomba msamaha kwa kosa langu, mbele yangu, na mimi nimesimama pale nimekunja aproni.

Injini walipoifungua walikuta vyuma vimechubuka ndani. Inatengenezwa taratibu. Baba Kemunto alimpigia mkaguzi simu, akaweka spika, akasema ukweli wote.

"Mwalimu, rudia. Pazia ya nini?"

"Ya uzi. Ina maua."

Tukasikia mtu akikohoa, halafu akikohoa tena, na sidhani kilikuwa kikohozi. "Nitarudi injini ikipona," akasema. "Lakini siku hiyo mama akae mahali ninaweza kumwona."

Ndivyo ilivyo. Ndege bado iko bandani. Siku hizi jioni naenda kukaa huko, kwenye ndoo iliyopinduliwa, nashika tochi. Wiki iliyopita nilimwuliza, "Huo upepo ukishaingia kwa kula ukabeba joto, unatokea wapi?" Akaacha spana hewani. Akasema hilo ndilo swali ambalo hata Ochieng' hajawahi kuuliza, kwamba upepo usipopata pa kutokea hata kuingia hauingii vizuri. Akanionyesha tundu la kutokea, akaniwekea kidole changu pale. Aliongea mpaka chakula kikaungua jikoni, na hakuna aliyejali.

Kwa hivyo nyinyi wenzangu mlioolewa na watu wa vyuma, na nyinyi waume mliooa watu wa uzi, nisikilizeni. Mkiambiwa kitu kinahitajika, wekeni sindano chini mwulize: cha bati au cha uzi? Ulizeni hata kama mnajua. Ulizeni hasa kama mnajua!