Ukivuta, Umekufa

Juzi nilikuwa dukani Manundu, nasubiri kupimiwa sukari ya kupeleka msibani, nikamkuta mteja mmoja anabishana na muuzaji juu ya onyo lililoandikwa kwenye pakiti ya sigara. Mteja anasema maneno yale ni ya kutishia watoto. Muuzaji anamjibu kwamba yeye si mtoto na anayaogopa. Nikachukua sukari yangu nikaondoka, lakini njia nzima akili ilikuwa imesharudi kijijini Magoma, kwenye ukuta wa zahanati yetu.

Unajua, rafiki yangu, mimi nililelewa na bibi, na bibi alikuwa anavuta kiko. Majani yake ya tumbaku aliyaning'iniza kwenye upenu, upande wa jikoni, na kazi yangu ilikuwa kuyaanua mvua ikitishia. Jioni, tukishakula bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, vyombo vimeoshwa na kuku wamefungiwa, alikaa kwenye mkeka na kiko chake, mimi napukuchua mahindi, yeye ananitegea vitendawili. Raha yangu yote ya utoto ilikuwa pale.

Basi siku moja mwalimu akatupeleka zahanati kuona bango jipya. Lilikuwa na fuvu limeuma sigara, na chini yake mapafu mawili: moja jekundu, jingine jeusi kama mkaa. Kwa herufi kubwa liliandikwa: Ukivuta, umekufa. Mwalimu akatuambia anayeanza na sigara leo, kesho atavuta bangi, keshokutwa atakuwa mwizi, na mwisho wake ni jela au kaburi.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Nikamkuta bibi anatwanga, jasho linamtiririka, anaimba. Nikamtazama kwa muda mrefu. Kama aliyevuta amekufa, huyu anayetwanga ni nani? Na kama hajafa, basi mwalimu ni mwongo, na mwalimu hakuwa mwongo. Halafu hiyo bangi ataanza lini? Jela watamchukua akiwa na kinu chake?

Nilipomwuliza, alicheka mpaka akaweka mchi chini. "Babu yako hakuvuta hata siku moja," akasema. "Yuko wapi?"

Babu alikuwa kaburini tangu sijazaliwa. Kwa hesabu ya bango, bibi alikuwa maiti. Kwa hesabu ya bibi, aliyekufa ni yule asiyevuta. Nikawa nakwenda shule na fikra hiyo na kurudi nayo. Akikohoa kidogo tu, moyo unanipasuka. Asubuhi akiamka mzima, namkasirikia mwalimu.

Jirani yetu alikuwa seremala, mvutaji wa sigara, mtu mpole aliyetupa vipande vya mbao tuchezee. Mwaka ule alianza kukohoa. Mwanzo tulidhani ni vumbi la mbao. Akakonda, randa ikawa inamshinda, mkewe akawa analima peke yake. Watu wakamsihi aende zahanati akakataa. Tukadhani anaona aibu, au anatumia dawa za mitishamba.

Siku bibi alipompelekea uji ndipo seremala alipoeleza, mimi nimeshika kikombe. Alisema alishakwenda mpaka mlangoni mwa zahanati, akaliona lile bango, akageuka. Aliamini mapafu yake yalishakuwa meusi, hakukuwa na cha kutibu. "Mama, pale wamesema nimekufa," alimwambia bibi. "Maiti anakwenda kutafuta dawa gani?"

Bibi hakumcheka kama alivyonicheka mimi. Akamwambia, polepole, "Mwanangu, ile picha ni ya mtu mwingine. Ya kwako bado haijapigwa. Nenda kaipige."

Asubuhi wakampakia kwenye pikipiki, mkewe nyuma anamshikilia, wakaenda hospitali mjini. Wakapima makohozi, wakapiga picha ya kifua. Ilikuwa kifua kikuu, na kinatibika. Alimeza vidonge miezi mingi, mwili ukarudi, na tukaanza tena kusikia nyundo yake. Sigara aliacha. Alisema daktari hakumtisha. Alimweleza tu kwamba kifua kile hakiwezi kubeba ugonjwa na moshi pamoja, akaelewa.

Ungedhani hapo fumbo langu lilifumbuka. Wapi. Mwalimu alisema darasani, mmeona, sigara ilitaka kumwua. Bibi akasema nyumbani, mmeona, haikuwa sigara. Wote wawili walimtazama mtu mmoja, kila mmoja akaona alichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo. Mimi nilikaa katikati, nawapenda wote.

Bibi aliendelea na kiko. Nilipokuwa sekondari Korogwe, kila likizo nilimkuta pumzi imepungua. Kutoka mtoni alipumzika njiani, akisema ni uzee. Nilimsihi akapime, akasema nisimsumbue. Alifariki akiwa mkongwe, vitukuu amewaona, na hatukujua kilichomchukua ni miaka au ni moshi. Siku hizi najua kwamba tumbaku inaua. Najua pia kwamba bango lile lilikuwa karibu kumwua seremala. Mambo hayo mawili nayabeba pamoja, na kila nikijaribu kuyapanga yananiponyoka.

Zahanati imejengwa upya, ukuta ule haupo. Mwalimu alihama, seremala amezeeka na karakana amemwachia mwanawe. Nyumba ya bibi tuliibomoa. Mimi sivuti, na ndani kwangu mgeni akitaka kuvuta namwomba atoke nje. Lakini siku nyingine huko barabarani mzee akipita na kiko, harufu ya tumbaku ya kienyeji ikinifikia, nasimama. Najua ni sumu. Navuta pumzi hata hivyo, mpaka amalize kupita.